Ukuta utazuia nini maji yakitoka chini?

Makala yenu kuhusu kukinga visiwa vidogo na maji ya bahari imeusifia ukuta kana kwamba kisiwa kidogo kina mlango mmoja tu wa kufunga. Maji huja kwa mawimbi, huja kwa mvua, na huja kwa chini. Funafuti, kule Tuvalu (nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki), bamvu kubwa (bahari kujaa kupita kawaida) likifika maji ya chumvi hububujika katikati ya kisiwa, yakipenya kwenye matundu ya mwamba wa matumbawe. Yakiisha kupwa, mashimo ya pulaka (jamaa ya magimbi) yamebaki na chumvi, na mazao yananyauka.

Sikatai, ukuta una kazi yake. Male, mji mkuu wa Maldivi, walijengewa kwa msaada wa Japani baada ya mafuriko ya 1987, na tsunami ya 2004 ilipofika uliupunguzia mji makali. Ila ukijenga bila mifereji ya kutolea maji umetengeneza beseni: mvua inajaa mtaani na ukuta huohuo unaizuia isiende baharini.

Mbona matumbawe hayakutajwa hata mara moja? Utafiti uliochapishwa 2014 ulikadiria kuwa miamba yake hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Huo ni ukuta wa bure, tena hujikarabati wenyewe ukiachwa hai.

Na huo mchanga wa kujazia mnaosema "upo tu baharini", ukichotwa karibu na ufukwe, wimbi hurudi kuchukua wa ufukweni likajazie shimo.