Supavaiza Mpya Atajifunzia kwa Nani?

Simama Barabara ya Enterprise, Nairobi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi uone watu wanavyomiminika kwa miguu kutoka mtaa wa Mukuru kuingia viwandani. Katikati yao yumo mmoja ambaye Ijumaa alikuwa akipakia katoni na wenzake, na leo Jumatatu amepewa koti la rangi nyingine, la usupavaiza. Koti, daftari na tageti ya siku. Basi.

Ukimuuliza meneja wa uzalishaji mbona huyu hajafunzwa, jibu liko mdomoni: supavaiza hafunzwi darasani, atajifunzia kazini. Nimelisikia neno hilo miaka mingi na silidharau. Hakuna kitabu kinachomfunza mtu kusikia mlio wa mashine ukibadilika kabla beringi haijakatika. Halafu mafunzo yenyewe tunayajua: siku moja hotelini, projekta, chai na sambusa, cheti, kisha watu wanarudi walivyokwenda. Tena ukimnoa mtu Industrial Area, kiwanda cha ng'ambo ya barabara kinamchukua kwa nyongeza ya elfu tatu. Yote hayo nimeyaona.

Ila kuna swali dogo wanalolipita. Atajifunzia kazini, sawa, kwa nani? Fundi cherehani mgeni hupewa mabaki ya vitambaa ayaharibu mpaka mkono uzoee. Supavaiza mgeni hana mabaki. Anajifunzia kwa watu, na kosa lake la kwanza lina mshahara na watoto nyumbani.

Mimi nilijifunzia kwa kijana mmoja wa kupakia. Ilikuwa wiki yangu ya pili na koti. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, naye akafika amechelewa dakika arobaini, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, tope hadi hapo ilipoishia. Nilichokiona mimi ni katoni zilizorundikana mwisho wa laini ya uzalishaji na meneja aliyesimama nyuma yangu. Nikamwambia, "Rudi ulikotoka. Usije kesho." Maneno manne. Nilidhani nimemtia adabu mtu. Sikujua kwamba nimemfuta kazi.

Sheria ilijua. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi anayekaribia kuachishwa kwa utovu wa nidhamu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Hata lile kosa la kufukuzwa papo hapo halimwondolei haki ya kusikilizwa. Ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda iliyajua hayo neno kwa neno, lakini ofisi hiyo hufunguliwa saa mbili, na laini inaanza saa kumi na mbili na nusu.

Hapa kuna hesabu ambayo huwa hainitoki kichwani. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Ushuru huo unasimamiwa na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo mwajiri anaweza kuidai imrudishie gharama akifundisha watu wake kwa mafunzo iliyoyaidhinisha. Kiwanda cha watu 400 kinatoa shilingi 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Sasa nenda kifungu cha 49 cha ile Sheria ya Ajira, kinachoiruhusu korti kumpa aliyeachishwa isivyo haki fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Mpakiaji wa shilingi 20,000 kwa mwezi, mara 12: shilingi 240,000. Mtu mmoja aliyefukuzwa getini anaweza kumeza ushuru wa watu 400 wa mwaka mzima. Najua miezi 12 ndiyo kikomo cha juu, si kila anayeshinda huipata. Basi ifanye mitatu, 60,000, uongeze ada ya wakili na siku ambazo meneja atakaa kortini Milimani akingoja faili yake iitwe. Kiwanda changu cha wakati huo kilikuwa na bahati tu. Yule kijana alikuja Ijumaa kuchukua pesa za siku alizofanya, akaondoka bila neno. Na ule ushuru ulikuwa ukilipwa kila mwezi kama kodi nyingine yoyote. Sikuwahi kusikia mtu akidai chochote.

Husemwa pia kwamba muda hakuna, laini haiwezi kusimama. Kati ya 1940 na 1945 viwanda vya vita vya Marekani vilifurika wafanyakazi wageni huku mafundi wakichukuliwa jeshini, na huko ndiko mafunzo ya supavaiza yalikofupishwa hadi vikao vitano vya saa mbili mbili, saa kumi kwa somo, watu wapatao kumi chumbani. Masomo yalikuwa jinsi ya kumfunza mtu kazi, jinsi ya kuishi na watu, jinsi ya kuboresha njia za kazi. Baada ya vita Japani nayo ikayachukua. Lile somo la watu lilikuwa na hatua nne: pata ukweli, pima uamue, chukua hatua, fuatilia matokeo. Mimi ile ya kwanza pekee ingenitosha. Mbona viatu viko mkononi?

Hili la kunyakuliwa watu halinisumbui sana. Asiyefunzwa naye huhama, na kabla hajahama huwa ameshahamisha wengine.

Kwenye suala la nani afunze, hapo nawaunga mkono mameneja. Hoteli waiache. Afunze supavaiza mzee wa kiwanda hichohicho, na mtu wa ofisi ya wafanyakazi aje na kifungu chake cha 41 akieleze kwa Kiswahili, kwa mifano ya getini na ya laini. Jumatatu hadi Ijumaa, saa sita hadi saa nane, kabla koti halijatolewa stoo. Na laini ya huyo mzee si itashikwa na supavaiza wa laini ya pili kwa saa mbili hizo? Huishika kila mwenzake anapougua, na hakuna aliyewahi kusema kiwanda kimesimama.