Nani Alisema Kulinda Friji Ni Kazi ya Mwenye Friji?

Katika nyumba ninayoishi huku ughaibuni, friji imechomekwa ukutani moja kwa moja. Hakuna kisanduku cha kinga chenye taa kati ya friji na soketi, hakuna stebilaiza inayonguruma nyuma ya mlango, na umeme ukikatika, jambo ambalo ni nadra, hakuna anayekimbilia kuzima chochote. Ninayeishi naye aliponikuta nikichomoa televisheni kwa sababu ya ngurumo za mbali, alidhani imeharibika.

Nayajua maneno yatakayofuata: huyu keshasahau alikotoka, amepanda ndege juzi tu na leo soketi za kwao zinamtia kinyaa. La hasha. Mtu aliyekulia nyumbani anaujua umeme kuliko hawa wenyeji wangu. Balbu ikizidi kung'aa ghafla, mkono wake huwa tayari uko kwenye swichi kuu. Anajua kwamba wakati wa kuogopa ni umeme unaporudi. Tena anajua kwamba friji iliyozimika haiwashwi papo hapo, kwa sababu kompresa ikilazimishwa kuanza kabla shinikizo la gesi halijasawazika, hukwama, huvuta mkondo mkubwa na huweza kuungua. Ndiyo maana kile kisanduku humulika taa yake kwa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Elimu hiyo naionea fahari. Kinachonikera ni kwamba tumelazimika kuipata.

Huku sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa kabla umeme haujafika sebuleni: nyutro, yaani waya unaorudisha mkondo, imeshikwa vizuri, waya wa ethi umefika ardhini kweli, na mara nyingi kwenye boksi la swichi kuu kuna kifaa kinachoupeleka ardhini msukumo unaoletwa na radi. Sisi kazi hiyohiyo tumeikata vipande vipande na kuikabidhi kila soketi, kisha televisheni ikiungua tunamgeukia aliyeunguliwa na kumuuliza, "Kwani hukuchomoa?"

Mwingine ataniambia kwamba dawa ipo, ninunue ekstensheni yenye kinga. Ndani ya ekstensheni hiyo kwa kawaida mna varista, ambayo hutulia volti zikiwa za kawaida, na zikiruka ghafla huufungulia mkondo njia ya pembeni ili usifike kwenye kifaa chako. Imetengenezwa kwa mruko wa kufumba na kufumbua, huchakaa kidogo kwa kila pigo, na pasipo ethi ya kweli hupoteza sehemu ya kazi yake. Sasa ichukulie siku ambayo nyutro imekatika kwenye laini ya fesi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazotumia nyutro moja: nyumba iliyozoea volti 230 inaweza kupokea zinazokaribia 400, na hali hiyo ikadumu kwa dakika nzima au zaidi. Hapo varista huchemka na kuungua yenyewe, pengine na ekstensheni yake. Kinachohitajika ni kifaa kinachopima volti, kinachokata kabisa zikipita kiwango, na kinachosubiri zitulie kabla ya kurudisha. Wengi hununua cha kwanza wakidhani ni cha pili, wala siwalaumu, maana maboksi ya vyote viwili yameandikwa kinga.

Wapo pia watakaosema kwamba ni rahisi kufundisha ukiwa mbali. Sawa, lakini ninapowaambia ndugu zangu wamwite fundi apime ethi na kukaza nyaya za nyutro kwenye boksi kabla ya kununua kisanduku kingine, sijioni kama ninaringa. Hunijibu kwamba nyumba ni ya kupanga, na kwamba mwenye nyumba hatagharamia ethi ya mpangaji. Hoja hiyo ni nzito, na kwao naafiki kwamba kuchomoa kunabaki kuwa kinga ya uhakika kuliko zote. Ila nyutro ikikatikia nguzoni, hata fundi huyo haruhusiwi kuigusa. Anayewajibika ni mwenye mtandao wa umeme, ambaye katika mabishano yetu ya nani hakuchomoa nini, sijasikia akitajwa.