Tanga la Banc d'Arguin lina gharama, na Waimraguen wasiachwe kuibeba peke yao

Katika Hifadhi ya Taifa ya Banc d'Arguin, Mauritania, mvuvi haruhusiwi kufunga mashine kwenye chombo chake. Ni tanga tu. Wenye haki ya kuvua humo ni Waimraguen, wenyeji wa vijiji vya Iwik, Arkeiss, Mamghar na vingine vichache vilivyotawanyika ufukweni, na vyombo vyao, ambavyo wao huviita lanche, vimewekewa kikomo cha 114. Nimekulia kijiji cha wavuvi, babu yangu alikuwa na ngalawa, kwa hiyo habari hii ilinishika tangu siku ya kwanza niliyoisoma. Lakini kila ninapokutana na sifa za hifadhi hii naona kuna watu wanaosifiwa bila kuulizwa hali zao.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1976. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 12,000 hivi, karibu nusu jangwa na nusu bahari. Upande wa bara ni Sahara inayokuja mpaka kwenye maji, mchanga mtupu. Upande wa pili ni mafungu ya mchanga, na maji mafupi yanayoendelea hivyo kwa makumi ya kilomita. Julai 1816 meli ya kivita ya Ufaransa, Méduse, ilipanda fungu hapo ikielekea Senegal. Watu 147 walipakiwa kwenye chelezo. Waliokutwa hai walikuwa 15.

Mafungu hayo hayo ndiyo yanayolisha. Upepo wa kaskazini huyasukuma maji ya juu kuelekea mbali na pwani, maji baridi yenye rutuba yakapanda kutoka kilindini, na kwa kuwa kina ni kidogo jua hufika mpaka chini kwenye majani ya bahari. Maji yakipwa, tope linabaki wazi kadiri macho yanavyoona, limejaa kombe na minyoo. Ndege wa pwani zaidi ya milioni mbili hukimbilia hapo baridi inapoingia kaskazini: sululu, kitwitwi wa kila namna, wengine kutoka Siberia, wengine Greenland. Yuko kitwitwi mwenye mdomo uliopinda ambaye aliyewahi kusimama Mida, Watamu, pwani ya Kenya, maji yakiwa yamekupwa, anamjua vizuri. Anazaliwa Siberia, kisha wengine hushukia Mauritania na wengine kwetu. Visiwani huzaliana heroe na domomwiko. UNESCO iliiandika hifadhi hii kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1989, na sioni wa kubisha.

Wapo pia mikizi. Sisi tunasema hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na Waimraguen furaha hiyo walikuwa wakigawana na pomboo. Kundi la mikizi likionekana karibu na ufuko, wanaume waliingia majini kwa miguu, nyavu mabegani, huku mwenzao akiyapiga maji kwa fimbo. Pomboo wakisikia huja kutoka nje, wakawabana mikizi kati yao na nyavu. Kila upande ulipata chake. Samaki akifika nchi kavu ni kazi ya wanawake: kumkausha, kumkamua mafuta, na kuyatoa mayai kwa uangalifu yasipasuke, yatiwe chumvi na kukandamizwa mpaka yakauke. Huko Ulaya mayai hayo ni chakula cha watu wenye pesa.

Sasa niseme ninaloliona. Sheria ya tanga ni sheria nzuri. Mvuvi wa tanga hawezi kufuata kundi la samaki usiku kucha, upepo ukimkatalia anarudi, na ukimjia wa mbele anabisha, yaani anakwenda mshazari huku na huku, nusu siku nzima. Hapo bahari hupata kupumua. Ila mwenye kupungukiwa ni yeye, maana nje ya mpaka kuna vyombo vya mashine kwa mamia, na mvuvi wa Iwik anawaona. Anajua pia kwamba wengine huvuka mpaka kuvua isivyo halali.

Kilichotokea kwa papa kinanifundisha zaidi. Biashara ya mapezi iliposhamiri, wafanyabiashara waliingia vijijini na nyavu na mikopo, na tanga halikuzuia kitu. Papa na taa walivuliwa kwa wingi na vyombo visivyo na mashine, kwa sababu aliyekopeshwa nyavu lazima avue kinachotakiwa na aliyemkopesha. Mwaka 2003 yalifikiwa makubaliano na Waimraguen kuacha uvuvi huo, nao wakaachia mapato yaliyokuwa yakiwalisha. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba ukizuia mashine umemaliza kazi. Deni humwendesha mvuvi hata akiwa na tanga.

Wako wanaosema dawa ni kuwaruhusu mashine ili walingane na wenzao. Sikubaliani nao. Miaka michache tu ya mashine ndani ya maji mafupi vile, na hakitabaki cha kulingania. Ninachotaka ni kwamba gharama ya tanga ilipwe na wote wanaofaidika nalo. Sehemu ya fedha za mkataba wa uvuvi kati ya Mauritania na Umoja wa Ulaya imekuwa ikitengwa kwa ajili ya hifadhi, na ni haki, maana meli za mbali huvua samaki ambao baadhi yao wamekulia kwenye majani yale. Basi fedha hizo ziguse maji ya kunywa, ambayo katika vijiji vile hayapatikani kirahisi, ziguse barafu, na ziguse mikopo isiyotoka kwa mnunuzi wa samaki.

Ndege wa Banc d'Arguin wamehesabiwa kwa makini kwa miongo. Nangoja siku nitakayosoma, kwa makini yale yale, mwanamke wa Arkeiss anauza kilo ya mayai ya mkizi kwa bei gani, na jioni anabaki na shilingi ngapi mkononi.