Gobore la Babu Kwenye Kaunta ya Vifurushi

Mzee mmoja jirani yangu wa South C aliniomba nimsindikize hadi ofisi ya vifurushi, Barabara ya Mombasa. Alikuwa na picha nne kwenye simu na cheti cha silaha ndani ya bahasha. Gobore lenyewe aliliacha nyumbani, na nadhani katika yote tuliyofanya siku ile hilo ndilo lililokuwa la busara. Ni gobore la fataki, yaani kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuwasha baruti, la babu wa babu yake, lililoingia pwani enzi za misafara ya pembe. Alitaka limfikie mpwa wake Toronto.

Binti wa kaunta alikuza picha kwa vidole viwili. "Mzee wangu, hii si bunduki?"

"Ilikuwa bunduki, mama. Siku hizi ni kumbukumbu ya ukoo."

Alisoma cheti, akakirudisha taratibu. "Kama ina cheti cha silaha, basi ni silaha. Na silaha hatubebi."

Kichekesho ni kwamba karatasi inayomkinga mzee nyumbani kwake ndiyo iliyomponza kaunta. Lakini binti hakukosea. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaitambua bunduki kwa uwezo wake: chombo cha mtutu chenye kuweza kuua, kinachotoa risasi au kinachoweza kurekebishwa kikatoa. Maneno hayo hayataji umri. Gobore la mzee, likitiwa baruti, marisaa na fataki, litalia.

Kwingine umri huhesabiwa. Marekani, tangu sheria yake ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ni kitu cha kale, haihesabiwi kuwa silaha ya moto chini ya sheria hiyo. Kanada nayo inataka iwe ya kabla ya 1898, na isiwe ya kutumia risasi za kisasa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 kuhusu silaha za moto inaziachia nchi zijiamulie kipi ni cha kale, ila haikubali chochote kilichotengenezwa baada ya 1899. Kwa hiyo kule Toronto gobore hili lingepokelewa bila taabu kubwa. Taabu iko katikati, kati ya South C na Toronto.

Watu wanaopenda vitu vya kale huyalaumu makampuni ya usafirishaji kwa ukaidi: sheria ya nchi inaruhusu, wao wanakataa. Ni kweli orodha zao za vitu visivyobebwa mara nyingi ni kali kuliko sheria yenyewe. Lakini hebu kaa upande wao wa kaunta. Mashine ya eksirei haioni mwaka wa kutengenezwa, inaona mtutu, kifyatulio na kitako. Kifurushi cha Nairobi kinaweza kushukia Dubai au Addis Ababa kabla ya kupanda ndege nyingine, na kila nchi kinakotua ina sheria yake ya silaha zinazopita. Ofisa wa usiku kule hajui fataki ni nini, na hatampigia mzee simu amuulize.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye magobore hawapendi kuisikia. Bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo inaweza kukaa miaka mia na shindilio lake la baruti na risasi ndani. Fundi mzoefu hushusha mdeki, ule ufito wa kushindilia, taratibu ndani ya mtutu, huku uso wake ukiwa mbali na mdomo wa bunduki, anauwekea alama pale unapoishia, kisha anaulinganisha na urefu wa mtutu kwa nje. Mdeki ukigota mapema, kuna kitu humo: labda kutu, labda tambara, labda baruti. Nilimuuliza mzee kama lake limewahi kupimwa. Akacheka. Hakunijibu.

Isitoshe, uzee si ushahidi wa upole. Uingereza ilikuwa imelegeza kamba kwa bunduki za kale zinazotumia risasi zisizotengenezwa tena, mpaka wahalifu wakaanza kununua bastola za karne ya 19 na kutengenezewa risasi zake. Mwaka 2021 kanuni mpya ziliondoa aina saba za risasi kwenye orodha ya msamaha na kutaka bunduki yenyewe iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939. Gobore la kushindilia si bastola hizo, nakubali. Ila anayepokea vifurushi elfu kwa siku hana nafasi ya kutofautisha, tena katika jiji lililotoa jina la Itifaki ya Nairobi ya 2004 dhidi ya silaha ndogo zinazozagaa ukanda huu.

Jambo la kutenganisha bunduki za kale na mpya si geni kwetu, nalo halikuanza kwa kuwahurumia watunza kumbukumbu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ukaacha upenyo kwa za gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche za jiwe, zisizo na mifuo, yaani michirizi, ndani ya mtutu. Mkoloni alijua fika ipi inaua haraka.

Sasa lije lile lililonifanya nisite. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inakiita kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, mbali na vitabu na nyaraka, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa hiyo gobore lile lile ni silaha kwa bodi ya leseni za silaha na ni turathi kwa makumbusho. Forodha nayo ina hesabu yake: bunduki za kushindiliwa ziko kwenye kifungu cha 9303, lakini sura hiyo yenyewe inasema vitu vya kale viende 9706, vya zaidi ya miaka mia. Na kama kitako kimenakshiwa kwa pembe ya ndovu, ongeza vibali vya wanyamapori.

Mimi siwalaumu wasafirishaji kwa kukataa picha nne na maneno ya mzee. Nawalaumu kwa kukataa hata kabla ya kuuliza kuna karatasi gani nyingine, maana jibu hilo ndilo linalomfundisha mtu kuandika "mapambo ya ukutani" au "vipuri" kwenye fomu, na hapo mtu mwaminifu anageuka mlanguzi. Lawama kubwa zaidi iko serikalini. Cheti kimoja kilichotiwa sahihi na makumbusho na bodi ya leseni pamoja, kinachotaja aina, umri na kwamba mtutu umekaguliwa ni mtupu, kingempa ofisa wa Dubai kitu cha kushika mkononi. Leo mzee anapaswa kukusanya karatasi mlango hadi mlango, kisha amtafute wakala wa mizigo maalum ambaye gharama yake yaweza kupita thamani ya gobore.

Nilipomweleza habari ya kibali cha makumbusho alinyamaza mpaka tukafika Bellevue. "Kwa hiyo," akasema, "hata wao wanataka libaki."

Mpwa anakuja Desemba. Mzee ameniomba nimtafutie fundi mwenye mdeki.