Kuitafuta Pwani Yetu Katika Vitabu vya Kale vya China: Kompyuta au Kamusi?

Mwezi wa 11 wa mwaka wa 13 wa enzi ya Yongle, yaani mwaka 1415, waziri wa ibada na itifaki Lü Zhen alimwendea mfalme wa China na ombi. Wajumbe wa nchi iitwayo Malin walikuwa njiani na mnyama wa baraka, qilin, na maofisa walitaka kuandika waraka wa pongezi siku atakapofika. Mfalme akakataa. Akasema wasomi walipomletea mkusanyo wa vitabu vya mafundisho ya Konfusio alizipokea pongezi, kwa kuwa vitabu vile vinasaidia kuongoza nchi. Lakini qilin, awepo asiwepo, haongezi kitu wala hapunguzi. Qilin huyo ni twiga, na Malin, kwa wanahistoria wengi, ni Malindi.

Habari hii imo katika kumbukumbu rasmi za utawala wa Ming, zilizopangwa siku kwa siku. Zamani ungelazimika kusafiri hadi maktaba kubwa ya Beijing, Taipei, Kyoto au Leiden huko Uholanzi ndipo uishike mkononi. Leo msomi aliyeko Lamu, akiwa na simu na kifurushi cha intaneti, anaisoma bure kwenye tovuti ya Academia Sinica, taasisi kuu ya utafiti ya Taiwan. Furaha hiyo nimeionja na siifichi. Hata hivyo, wanaosoma Kichina cha kale wanavutana kuhusu zana hizi. Kuna wanaoona hifadhidata zimemaliza kazi ya kamusi na faharasa za karatasi, na kuna wanaoona zinalea watafiti wa kuokota sentensi bila kukijua kitabu walimoiokota. Kila upande una haki yake, ila si kwa kiasi kilekile.

Tuanze na wazee, wale wa kamusi za karatasi. Kichina cha kale huandikwa bila nafasi kati ya maneno, bila nukta wala mkato, na hakina herufi kubwa za kukuonyesha kwamba hapa pana jina la mtu au la mji. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ina herufi zaidi ya 47,000 zilizopangwa chini ya mizizi 214, yaani vipande vya msingi vinavyounda herufi. Ukitafuta herufi moja sharti kwanza uutambue mzizi wake, kisha uhesabu mapigo ya kalamu yaliyobaki, kisha ufunue kurasa. Inachosha. Lakini inakulazimisha uitazame ile herufi kwa makini, na njiani unakutana na ndugu zake.

Mjapani Morohashi Tetsuji aliyatolea maisha yake kamusi ya namna hii. Juzuu ya kwanza ilitoka 1943. Mwaka 1945 mabomu yaliyoangukia Tokyo yakateketeza mabamba ya uchapaji. Akaanza upya, macho yakiwa yamedhoofika karibu ya kupofuka, na juzuu 13 zikakamilika 1960. Thamani ya kitabu kile haiko kwenye wingi wa herufi tu. Chini ya kila neno amenukuu mahali lilipotumika, kwa hiyo msomaji anaona maana ikibadilika karne kwa karne. Wachina nao wana kamusi yao kuu ya maneno, Hanyu Da Cidian, yenye juzuu 12, iliyoanza kutoka 1986. Kabla yake, kuanzia miaka ya 1930, William Hung na wenzake mjini Beijing walitengeneza faharasa zaidi ya 60 za vitabu vya msingi, neno baada ya neno, kwa mikono yao.

Kazi za faharasa hizo sasa kompyuta inazifanya kwa sekunde moja. Academia Sinica walianza mwaka 1984 kuziingiza historia rasmi za tawala za China, na hazina yao imeendelea kukua. Tovuti ya Chinese Text Project, iliyoanzishwa na Donald Sturgeon, inatoa maelfu ya vitabu bure, na vingi unaweza kuvilinganisha na picha ya ukurasa wenyewe. Kundi la CBETA la Taiwan limefanya vivyo hivyo kwa maandiko ya Kibudha tangu 1998. Kuna pia hifadhidata ya wasifu, CBDB, yenye watu zaidi ya nusu milioni: nani alikuwa mwana wa nani, alishika cheo gani, wapi. Mtu anayezidharau zana hizi sidhani kama amewahi kutafuta jina moja katika vitabu 24 vya historia kwa kidole.

Ila sasa tujaribu kuzitumia kwa jambo linalotuhusu. Wachina wa enzi ya Tang walikuwa na neno *sengqi*, 僧祇, ambalo watafiti wengi wanalichukua kuwa ni Zanji, watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Andika herufi hizo mbili kwenye hifadhidata kubwa ubonyeze kutafuta. Utamwagiwa matokeo mengi mno, na karibu yote hayahusiani kabisa na Zanji. Herufi zilezile zilitumika kuandika neno la Kisanskriti lihusulo jumuiya ya watawa wa Kibudha, na zimo pia ndani ya *asengqi*, idadi isiyohesabika. Kwa hiyo unatafuta Waafrika unaletewa kanuni za watawa. Kompyuta haikukosea: imekupa ulichoandika. Aliyekosea ni yule atakayehesabu matokeo na kutangaza kwamba Wachina walituandika mara elfu kadhaa.

Ukichambua kwa subira, utabaki na vifungu vichache vya kweli. Historia Mpya ya Tang inasema ufalme wa Heling, huko Java, ulimpelekea mfalme wa China watumwa wanne wa sengqi mwaka 813. Historia ya Kale ya Tang inasema walikuwa vijana watano, na mwaka ni 815. Tufuate ipi? Hapo hakuna kitufe cha kubonyeza. Inabidi ujue kwamba ile ya Kale ilikamilika 945 na ile Mpya 1060, kwamba waandishi wa ile Mpya walipenda kufupisha, na kwamba vipo vitabu vingine vya Tang vya kulinganisha navyo. Ujuzi huo umo kwenye vitabu vya mwongozo, kama ule mkubwa wa historia ya China wa Endymion Wilkinson, ambao kwa maoni yangu mwanafunzi angeanza nao kabla ya kufungua hifadhidata yoyote.

Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi. Sehemu kubwa ya maandishi yaliyo kwenye kompyuta yametoka kwenye Siku Quanshu, mkusanyo ulioamriwa na mfalme Qianlong mwaka 1773, wenye vitabu karibu 3,500, ulionakiliwa kwa mkono mara saba. Qianlong alikuwa Mmanchu, wa kabila lililotoka kaskazini, na wahariri wake waliyafuta maneno yaliyowatukana watu wa kaskazini. Shairi mashuhuri linalonasibishwa kwa jemadari Yue Fei lina mstari wa shujaa mwenye njaa anayetamani kula nyama ya washenzi. Katika nakala ya Siku hao washenzi wameondolewa, yakawekwa maneno mengine. Asiyejua atanukuu maneno ya karani wa karne ya 18 akidhani ni ya karne ya 12.

Hata hivyo siwezi kuuhukumu mkusanyo huo kwa ubaya peke yake. Mwaka 1225 ofisa wa forodha wa Quanzhou, Zhao Rugua, aliandika kitabu kuhusu nchi za ng'ambo, akaitaja Cengba, ambayo kwa wengi ni pwani ya Zanzibar: watu wafuatao dini ya Waarabu, wenye nguo za pamba za buluu na viatu vya ngozi nyekundu, nchi yenye pembe za ndovu, dhahabu na ambari. Kitabu chake kilikuwa kimepotea. Wahariri walewale wa Qianlong ndio waliokitoa ndani ya ensaiklopidia ya Yongle ya mwaka 1408 na kukiunga upya. Bila wao ukurasa ule kuhusu pwani yetu tusingekuwa nao.

Suala la gharama nalipitia haraka. Hifadhidata bora za kibiashara zinauzwa kwa bei ambayo vyuo vingi vyetu haviwezi, kwa hiyo zile za bure kwetu si anasa, ndizo maktaba. Kati ya kompyuta na kamusi, mimi naegemea upande wa kompyuta: bila hiyo tusingeanza kabisa. Lakini kila tokeo ni dai la kwenda kukaguliwa kwenye picha ya ukurasa, kwenye toleo, na kwenye kamusi.

Na kuna mahali ambapo zana zote, za karatasi na za umeme, zinafika mwisho. Ramani ya safari za Zheng He, jemadari wa majini wa Ming, iliyohifadhiwa katika kitabu cha kijeshi cha karne ya 17, inaonyesha Manbasa, ambayo ni Mombasa, na Malindi. Lakini Malindi imewekwa kusini ya Mombasa. Je, mchoraji alikosea? Au Malin si Malindi? Wapo wasomi wa Kichina waliopendekeza Kilwa, wakihusisha jina hilo na ukoo wa Mahdali uliotawala pale. Hapo anahitajika mtu mwenye Kichina cha kale mkono mmoja na, mkono wa pili, habari za Kilwa, majina ya bandari na matamshi ya lahaja za pwani. Mtu huyo ana nafasi kubwa ya kutoka Malindi, Lamu au Kilwa Kisiwani kuliko kutoka Leiden.