Meneja wa mradi: nahodha au karani wa vikao?

Mwenzetu mmoja alivuka Likoni, hapa Mombasa, kila asubuhi. Feri ikichelewa, alihudhuria kikao chetu cha saa tatu akiwa amebanwa kwenye umati, simu sikioni, akijaribu kutueleza alichofanya jana huku watu wakimkanyaga. Tulikuwa madevelopa wanne, yaani waunda programu za kompyuta, katika ofisi ndogo nyuma ya Moi Avenue. Mteja wetu, kampuni ya uwakala wa forodha, alitaka mfumo wa kumwonya mapema ni makontena gani yanakaribia kumaliza siku zake za bure bandarini, kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kumla. Tuliahidi miezi mitatu. Mwezi wa tano bosi akatuletea meneja wa mradi.

Alikuja na cheti, kikao cha kila siku, ubao wa kadi za kazi kwenye programu ya Trello, alama za kupima uzito wa kila kazi, na ripoti ya Ijumaa. Wiki ya pili nilipiga hesabu kimyakimya: saa nane nilizitumia kueleza kazi badala ya kuifanya. Malalamiko ya madevelopa si uvivu, kama mabosi wanavyodhani. Anayetafuta hitilafu hubeba mambo kumi kichwani kwa pamoja, na mtu mmoja akimgusa bega kuuliza “umefika wapi?” yote humwagika. Kuyaokota tena huchukua nusu ya asubuhi.

Hata historia iko upande wao, au ilianza ikiwa upande wao. Februari 2001 watu 17 wa fani hii walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah kule Marekani, wakaandika tamko fupi la Ajaili (Agile), mtindo wa kuunda programu kidogo kidogo huku ukirekebisha njiani: watu na mazungumzo yao wana thamani kuliko taratibu na vifaa, na programu inayofanya kazi ina thamani kuliko makaratasi. Leo tamko hilohilo limezaa vyeti, vyeo na taratibu za kutosha kujaza kabati.

Lakini nikisimama hapo nitakuwa nimemdhulumu yule meneja, kwa sababu najua alitukuta katika hali gani. Mteja alikuwa akituma maagizo kwa sauti kwenye WhatsApp, kwa yeyote kati yetu aliyeonekana yuko hewani. Huyu aliombwa ujumbe mfupi wa tahadhari, yule ripoti ya malori. Mhasibu wa mteja alitaka safu moja zaidi, na ndugu yake aliyekuwa ghalani Shimanzi alitaka kitu tofauti kabisa. Hakuna aliyekataa. Kwetu Pwani “hapana” ni neno zito mdomoni. Tunasema “tutaangalia”, na mteja anasikia “ndiyo”. Miezi mitano ya “tutaangalia” ndiyo iliyotuchelewesha, wala haikuwa ugumu wa kazi yenyewe.

Kuna mfano ambao wenzangu huupenda sana. Wanasema mafundi wa jahazi wa Lamu huunda chombo kwa jicho, bila mchoro, wala hawana meneja. Ni kweli, na inapendeza. Ila fundi na mwenye chombo wote wawili wanajua jahazi linavyofanana kabla ubao wa kwanza haujapigwa msumari. Mfumo wetu wa makontena hakuna aliyewahi kuuona, na mteja alijua anachotaka siku tulipomwonyesha asichokitaka.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kulaani mtindo wa hatua kwa hatua, ule wa kuandika mahitaji yote kwanza, kisha kusanifu, kisha kuunda, kisha kupima. Mwaka 1970 Winston Royce aliuchora mpangilio huo katika makala yake, na humohumo akaonya kwamba kuufuata hivyo ulivyo ni hatari. Watu wakachukua mchoro, wakaacha onyo. Hata hivyo mtindo huu hauishi kwa ujinga tu. Ukiomba zabuni ya kaunti, sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka mkataba ulioandikwa, na kuubadilisha kuna masharti yake. Afisa hawezi kulipia “tutajua tukifika”. Madevelopa vijana wanaomcheka afisa huyo hawajawahi kukaa mbele ya mkaguzi wa hesabu.

Meneja wetu alirudisha gharama yake kwa siku moja tu, na haikuwa siku ya kikao. Bosi, kwa hofu ya kuchelewa, alitaka kuongeza watu wanne. Meneja akakataa. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, programu ya kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wageni wanahitaji kufundishwa, tena na walewale walio na kazi. Watu wanne wana njia 6 za kuongea wawili wawili, watu wanane wana njia 28. Badala yake meneja alimpigia mteja, akamwomba ateue mtu mmoja wa kutuma maagizo, na akaandika orodha moja: hiki kabla ya kile. Ujumbe mfupi wa tahadhari ulibaki. Ripoti ya malori ikangoja. Tulimaliza mwezi wa nane.

Kwa hiyo tatizo ni vikao? Sina hakika tena. HealthCare.gov, tovuti ya bima ya afya ya serikali ya Marekani, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013, na siku ya kwanza waliofika mwisho wa kujiandikisha walikuwa 6. Makandarasi walijaa, usukani haukuwa na mtu. Waliokuja kuiokoa nao waliitisha vikao vya kila siku, lakini kwa masharti: aongee anayelijua tatizo, si mwenye cheo kikubwa, na lijadiliwe lile litakaloumiza leo au kesho. Sisi tulikuwa tukizunguka meza kila mtu akisoma alichofanya jana, kama wanafunzi wanaoitwa majina.

Siku hizi nafanya kazi na wenzangu wawili, na timu ya watu watatu haiwezi kumlipa meneja wa kudumu. Nikiandika makisio ya bei huweka mstari mmoja wa usimamizi. Mteja wa juzi, mwenye duka la vipuri Mwembe Tayari, aliukata kwa kalamu mbele yangu.

“Hii ya nini, ndugu yangu?”

Nikamwambia ni gharama ya mtu wa kuamua kipi kianze, wewe na mwanao mkitaka vitu viwili tofauti.

“Nipigie mimi.”

Nikaandika namba yake juu kabisa ya orodha. Wiki hiyohiyo mwanawe akanitumia ujumbe wa sauti, dakika nne na nusu.