Ingilishi midiamu shuleni, Kiswahili nyumbani

Mimi nasema wazi, mtoto anayesoma ingilishi midiamu hahitaji mzazi wa kumwongelesha Kiingereza nyumbani, anahitaji wa kumwongelesha Kiswahili kilichonyooka. Shuleni kutwa nzima ni Kiingereza, akirudi anawasha katuni nazo Kiingereza, sasa na wewe ukiongeza chako, tena cha kuungaunga, Kiswahili atakisikia wapi? Kwa dada wa kazi. Na ndivyo ilivyo nyumba nyingi hapa Dar, dada ndo mwalimu wa Kiswahili na hamna hata anayemshukuru.

Woga wa wazazi naujua unapotoka. Shule nyingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili mpaka la saba, halafu fomu wani masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, na kila mtu ana ndugu aliyekuwa kipanga shule ya msingi akafika sekondari akawa anakariri notsi bila kuelewa. Lazima mzazi akimbie. Ila Jim Cummins, profesa wa Kanada, aliandika tangu 1979 kwamba lugha mbili za mtoto zinasaidiana, yaani akishaweza kueleza jambo vizuri kwa lugha ya kwanza uwezo ule unahamia kwenye ya pili. Mtoto aliyezoeshwa kuulizwa "kwa nini?" na akajieleza mpaka mwisho, Kiingereza kitamwongezea maneno, kufikiri tayari anajua.

Na zile shule zinazomvalisha mtoto kibao shingoni eti kaongea Kiswahili wakati wa mapumziko, hilo linaniuma sana kwa kweli. Anafundishwa kuionea aibu lugha ya bibi yake, halafu mtihani wa la saba una somo la Kiswahili na yeye ataufanya kama wenzake!

Akikujibu Kiingereza usimkaripie, wewe endelea kwa Kiswahili, mrudishie alichosema kwa Kiswahili basi. Tegeaneni vitendawili mkisubiri chakula, msimulie sungura na fisi kabla ya kulala, mtume dukani ajieleze mwenyewe. Likizo aende kwa bibi, na kama bibi anaongea Kihaya au Kichaga muacheni aongee, watoto wetu wanabeba lugha tatu bila shida.

Kwa wenye watoto shule za Kiswahili nasema kinyume chake, hapo Kiingereza kinahitaji msaada wa nyumbani, tafuteni vitabu vyepesi vya hadithi msome pamoja jioni, hata kurasa mbili, hata kama matamshi yako hayajakaa sawa, na mkimaliza muulize hadithi ilikuwa inahusu nini akusimulie kwa Kiswahili.